Nilivyokosa Umri wa Kugombea

Kabla hujasikia kwa wengine, sikia kwangu: kifungu cha umri nilikileta mimi. Jirani yangu Mayunga husema nilikileta kwa wivu. Mwalimu Hilary, ambaye ni mtu wa heshima, husema nilikileta kwa kuipenda nchi. Mke wangu Katarina husema nilikileta kwa sababu mdomo wangu hauna breki. Wote watatu wana ukweli wao, ila wa Katarina ndio mzito zaidi.

Ulikuwa mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi. Kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Ifakara, baraza la siasa halikuwa ofisini kwa mtendaji. Lilikuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Agosti mavuno yameshaingia ndani, foleni inazunguka jengo, na mtu aliyekaa juu ya gunia lake tangu asubuhi akisubiri zamu lazima atafute la kubishania. Sisi tulibishania umri wa Rais.

Redio ilisema Katiba inataka mgombea awe ametimiza miaka arobaini. Mimi nikasema ni michache mno.

"Arobaini mtu bado anatafuta akili," nilisema. "Rais awe na sitini. Awe amezika, ameozesha, na amegombana na mashemeji zake wote wakapatana. Hapo ndipo mtu anajua nchi ni kitu gani."

Aliyenijibu ni Dativa, mwendeshaji wa mashine. Ni mwanamke mwenye mabega mapana na pumba kwenye nyusi, anayeijua injini ile kama mama anavyokijua kikohozi cha mwanawe. Ikibadilika sauti kidogo tu, ameshafika kwenye mkanda kabla haujakatika.

"Baba Polikarpo," alipaza sauti juu ya mngurumo, "mtu wa miaka thelathini na nane amelima, amelipa kodi, amezaa, amezika wazazi. Kuongoza ndiyo hawezi?"

"Hawezi."

"Haya. Na huko juu je? Katiba imeweka kizingiti mlangoni, darini haikuweka kitu. Mzee aliyesahau hata jina la mkewe anaruhusiwa?"

Watu wakacheka, wakageuka kumtazama Mzee Wendelin, mkongwe wetu, aliyekuwa amelala fofofo juu ya gunia huku mashine ikinguruma hatua tatu kutoka sikioni mwake. Mimi sikucheka. Nikichekwa masikio yangu hupata moto, na siku ile yalipata moto mpaka shingoni.

Sasa niseme lililokuwa moyoni, maana bila hilo hadithi haina maana. Mashine ilikuwa ya kikundi chetu, wanachama themanini na tisa. Mwenyekiti alikuwa amehamia mjini kwa binti yake, kiti kikabaki wazi, na kiti kile nilikitaka. Nilikuwa makamu kwa miaka sita. Miaka sita ya kufungua mkutano kwa sala na kisha kunyamaza! Nilikuwa nimeshashonesha suti ya Kaunda kwa fundi wa Ifakara, rangi ya udongo, mifuko minne. Halafu nasikia Dativa naye anagombea, na vijana na akina mama wanamshangilia.

Kwenye mkutano, Mwalimu Hilary, katibu wetu, akaja na jambo jipya. Alikuwa ametoka semina ya elimu ya uraia.

"Ndugu wanachama, Oktoba tunapiga kura ya Rais, na wengi humu hawajawahi kuona kura ya ushindani. Tufanye mazoezi. Mwenyekiti wa mashine tumchague kama tunavyomchagua Rais: fomu, sanduku, kura ya siri, na masharti yote."

Nilisimama kabla hajakaa. "Masharti yote, Mwalimu?"

"Yote."

"Basi na umri uwemo. Asiyeruhusiwa kuongoza nchi, mashine ataiongozaje? Miaka arobaini. Tena athibitishe kwa karatasi. Maneno ya mdomo hayana muhuri."

Wazee wakapiga makofi, kifungu kikapita, nami nikakaa chini nimeridhika kama mtu aliyekula wali wa mpunga mpya. Nilijua nilichokifanya. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya kanisani, na mtoto wa Dativa alipopokea Komunio, karatasi za familia yao zilipita mikononi mwangu. Cheti cha Dativa kilikuwa na tarehe ya mwaka 1956. Miaka thelathini na tisa. Alipungukiwa mmoja tu.

Jumamosi tulirudisha fomu darasani shuleni. Tulikuwa wagombea watatu: Dativa, mimi, na Mzee Wendelin, ambaye hakuna aliyejua ameingiaje. Mwalimu akakaa mezani, akaanza na Dativa. Akasoma cheti cha ubatizo, akaandika hesabu ubaoni kwa chaki, akatikisa kichwa.

"Thelathini na tisa, Dativa."

"Hiyo ni siku niliyobatizwa, Mwalimu," Dativa alisema. "Daftari la zamani la misheni lilikuwa na tarehe moja tu, ya ubatizo. Mimi nimezaliwa mwaka uliotangulia, mwaka wa maji makubwa. Tulikuwa mbali na misheni, ndiyo maana nilibatizwa nikiwa tayari natambaa. Mama yangu yupo, mwulizeni."

Mama yake, bibi Febronia, alikuwa amekaa dawati la nyuma, fimbo yake magotini. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ni kweli, daftari lile wanalijua. Nikaona suti yangu ya mifuko minne inakwenda zake.

"Mama mzazi hawezi kumshuhudia mwanawe!" nilisema. "Tulikubaliana karatasi. Karatasi inasemaje? Thelathini na tisa."

 Febronia alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake akumbuke kitu. Nikaanza kupapasa mifuko yangu nikijifanya natafuta leso. Mwalimu akapiga mstari juu ya jina la Dativa. Dativa akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akakaa kando ya mama yake.

"Mzee Polikarpo," Mwalimu akaniita.

Nilikwenda nikitembea kiurais. Cheti changu nilikuwa nimekichukua parokiani wiki ile ile, na sikukisoma. Miwani yangu ilikanyagwa na mbuzi mwezi Juni, na hata ningekuwa nayo, nani anasoma cheti chake mwenyewe? Mimi najijua. Mwalimu akakifungua, akakisoma, akakohoa, akakisogeza karibu na dirisha.

"Polikarpo," alisoma. "Mkesha wa Pasaka, tarehe thelathini na moja Machi, mwaka 1956."

"Endelea."

"Ndiyo mwisho, mzee wangu."

Akageukia ubao. Hakuhitaji kuandika, hesabu ya Dativa ilikuwa bado ipo pale pale. Akaigusa tu kwa chaki.

Inabidi nieleze. Baba yangu hakutaka mambo ya misheni, kwa hiyo nilikua bila ubatizo. Nilibatizwa nikiwa kijana wa ndevu, kwa sababu nilimtaka Katarina, na baba yake alisema hamtoi kwa mtu asiye na jina la mtakatifu. Nilisimama mstari mmoja na vitoto vya kubebwa. Na daftari, kama Dativa alivyosema, lilikuwa na tarehe moja tu.

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mayunga, Msukuma aliyekuja bondeni na ng'ombe wake na kukaa shamba linalopakana na langu, alisimama juu ya dawati.

"Polikarpo! Mimi nina arobaini na mbili! Shikamoo zangu zote za miaka minane nirudishie. Na ya leo uniamkie wewe!"

Katarina alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama yangu! Tulifunga ndoa Mei mwaka ule ule. Kumbe niliolewa na mtoto wa miezi miwili!"

"Jamani, angalieni hizi mvi!" nilipiga kelele.

"Mvi hazina muhuri," Mwalimu alisema kwa upole. Hakusema kwa ubaya, yeye hana ubaya, lakini yalikuwa maneno yangu mwenyewe na yaliniuma.

Akabaki Mzee Wendelin, mwenye stakabadhi ya kodi ya kichwa ya enzi za Mwingereza. Wakamwamsha kumwambia kwamba ndiye mgombea pekee.

"Mbegu zimefika?" aliuliza.

Alikuwa ametia dole gumba kwenye fomu akidhani tunaandikisha watu wa kugawiwa mbegu. Mwalimu akatangaza kwamba atakayekuwa na uthibitisho mwingine wa umri, uthibitisho wenye shahidi asiye ndugu, aulete kesho baada ya misa. Asipotokea mtu, Mzee Wendelin anapita bila kupingwa. Hapo kicheko kilikoma. Mzee Wendelin hasikii hata injini inapowaka. Mashine ingekufa kabla ya Krismasi, na tungerudi kutwanga kwa mchi.

Jioni ile Katarina alipika wali na kambale, chakula ninachokipenda, na mimi nikawa nauchungulia tu.

"Baba Beatus," aliniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, maana kicheko kilikuwa kimeshamwisha. "Hakuna jambo ulilolifanya ukiwa mtu mzima kabla ya ule ubatizo? Jambo aliloliona mtu baki?"

Nikanyamaza.

"Umenyamaza," alisema. "Wewe hunyamazi. Lipo."

Lilikuwepo. Lilikuwa moja tu, na shahidi wake alikuwa Febronia. Nikilisema, napata umri wangu. Lakini Dativa naye anapata wake papo hapo, na kijiji kizima kitajua kwamba darasani nilisema uongo kwa kunyamaza. Nisipolisema, mashine inakwenda kwa Mzee Wendelin. Nilimgeuza kambale yule huku na huku mpaka Katarina akaninyang'anya sahani.

Jumapili baada ya misa darasa lilijaa mpaka madirishani. Mwalimu akauliza kama kuna mwenye uthibitisho. Nikasimama na suti yangu.

"Mwaka wa maji makubwa," nilianza, "mwaka mmoja kabla sijabatizwa, mto ulifurika ukaingia mpaka kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo mashambani. Watu walikaa juu ya vichuguu wakingoja mitumbwi. Nilikuwa na mtumbwi wa baba. Asubuhi moja nilikuta mama mmoja kijana juu ya kichuguu pamoja na mama mkwe wake, ana uchungu wa kujifungua. Nikawapakia. Maji yalikuwa yanakimbia, magogo yanapita, na viboko walikuwa hawajui tena mto uko wapi na shamba liko wapi. Katikati ya safari yule mama akasema hawezi tena. Mkwewe akaniamuru nigeuze uso. 'Wewe tazama viboko,' aliniambia, 'huku hakukuhusu.' Nikautia upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, kwenye tope, nikashuka majini mpaka kifuani, nikaushika mtumbwi usiyumbe, nikatazama viboko. Sijui ni muda gani. Nilichosikia ni mtoto analia. Nikavua shati langu nikalipitisha juu ya bega bila kugeuka, wakamfunga nalo."

Nikamgeukia bibi Febronia.

"Mama yule ni Febronia. Mtoto yule ni Dativa. Kwa hiyo ana arobaini kamili, tena na miezi. Nilijua tangu siku ile ya kifungu. Nilijua na jana. Nilinyamaza kwa sababu nilikitaka kiti."

Nikakaa. Sijawahi kuona aibu kama ile, na suti ile mpya iliniwasha mwili mzima.

Bibi Febronia akainuka polepole kwa fimbo yake. Nilidhani atanilaani, na nilistahili.

"Ni kweli yote," alisema. "Nilikuwa nangoja. Nilisema moyoni, Polikarpo namjua, atachelewa lakini atafika. Ila nina swali moja. Siku ile ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Mimi nilikuuliza?"

"Hukuniuliza."

"Niliuliza karatasi?"

"Hukuuliza, mama."

"Haya," akasema, akakaa.

Mayunga akapiga mluzi. Mwalimu Hilary akajifanya anapanga karatasi zake, lakini nilimwona akitabasamu. Alisema ushahidi umetosha kwa wote wawili, maana mtu ambaye hajazaliwa hawezi kushika upondo. Akaandika majina yetu ubaoni, Dativa na Polikarpo. Mzee Wendelin akaomba lake lifutwe, abaki kwenye orodha ya mbegu tu.

Kila mgombea akapewa nafasi ya kusema. Mimi nilisema ya kwangu nimeshayamaliza, nikakaa. Dativa alisimama, na nilijua angeweza kunimaliza kwa sentensi moja.

"Mimi naomba mambo mawili," alisema. "Kwanza, nikichaguliwa, kifungu cha umri tukijadili upya, maana kuna vijana humu wanaofunga mkanda wa mashine haraka kuliko mimi. Pili, Baba Polikarpo arudishiwe shikamoo zake. Mayunga, anza wewe."

Darasa zima likaangua kicheko, na Mayunga akanyanyuka, akaniinamia mpaka kofia ikamdondoka. "Shikamoo, mzee wangu." Nikaitika marahaba. Nilihisi machozi, nikasema ni pumba, ingawa mashine siku hiyo ilikuwa imezimwa.

Chumba cha kupigia kura kilikuwa kona ya darasa iliyozibwa kwa magunia mawili. Niliingia, nikashika penseli. Majina yalikuwa mawili, na Mwalimu alikuwa ameyaandika kwa herufi kubwa kwa ajili yetu tusio na miwani. Nilisimama pale muda mrefu hata nikasikia mtu nje akiuliza kama mzee amelala humo. Nilikuwa nafikiria maji yale. Nilikuwa mtoto wa watu, sina mke, sina ndevu za kutosha, sina hata jina la mtakatifu, na roho tatu zilikuwa mikononi mwangu. Kwa umri nisingefaa kitu. Lakini niliijua njia ya mtumbwi, na hiyo ndiyo iliyotakiwa. Nikatia alama yangu, nikakunja karatasi mara nne, nikatoka.

Mwalimu alihesabu mbele ya watu, kura moja moja, akiionyesha juu. Tulikwenda sambamba mpaka mwisho, watu wakawa wanahesabu naye kwa sauti. Dativa, arobaini na tano. Polikarpo, arobaini na nne. Akina mama walimbeba Dativa mpaka kwenye mashine, wakaiwasha bila mpunga ndani, kelele tupu za furaha, mpaka yeye mwenyewe akawafokea kwamba wanaharibu dizeli. Mimi nilimpa mkono. Akaushika kwa mikono yake yote miwili na kupiga goti kidogo.

Katarina ndiye aliyeshindwa kulala na jambo hili. "Kura moja!" alisema njiani. "Kura moja tu, Baba Beatus! Nani huyo msaliti? Mimi nimekupa. Beatus amekupa. Hata Mzee Wendelin amekupa, ameniambia mwenyewe." Akahesabu watu wote kwa vidole mpaka tukafika nyumbani, akarudia tena wakati anapakua. Mwisho akaamua ni Mayunga, kwa sababu ya zile shikamoo.

Oktoba tulipiga kura ya Rais, tena bila kugombania foleni, maana tulishajua sanduku ni nini. Ubishi wa umri haujaisha kwenye mashine, na wakiniuliza mimi huwauliza tu huyo mgombea wao amewahi kumvusha nani. Dativa anaongoza vizuri, na makamu wake ni mimi. Mikutano naifungua kwa sala, kisha nanyamaza, na kunyamaza siku hizi hakuniumi.

Lakini kuna Mayunga. Tangu siku ile Katarina akimpakulia togwa humpa kikombe kidogo, kile chenye ufa, na Mayunga hunitazama akiuliza kwa macho amekosa nini. Namwonea huruma. Mara nyingi nimefungua mdomo nimweleze Katarina ni nani aliyetia alama ile nyuma ya magunia, kisha nikaufunga. Mwaka ule nilishasema ukweli mmoja mbele ya kijiji kizima. Wa pili naomba mniachie.